CT ya Kifua Pale TB Isipothibitika: Kuomba, Kupiga na Kusoma

Mgonjwa anakohoa na kuishiwa pumzi kwa miezi. Makohozi yamepimwa kwa GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) zaidi ya mara moja, hayana kitu. Eksirei imeandikwa "vivuli pande zote mbili", akaanzishiwa dawa za TB kwa kukisia, akamaliza miezi 6, na ngazi za ghorofa ya kwanza bado zinamshinda. Katika nchi zenye TB nyingi kama Tanzania, Kenya na Kongo, kuanza na TB si kosa. Kosa ni kuishia hapo.

Magonjwa adimu ya mapafu hujificha nyuma ya vivuli hivyo, na kipimo kinachoyatenganisha ni CT (eksirei ya kompyuta inayokata mwili kwa vipande) ya vipande vyembamba. Eksirei peke yake haitoshi: takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi mwenye ugonjwa wa tishu za mapafu ana eksirei inayoonekana safi. Lakini CT iliyoombwa ovyo na kupigwa ovyo haisaidii kuliko eksirei, ila inagharimu zaidi na kumpa mgonjwa mionzi mingi zaidi.

Fomu ya kuomba kipimo

Fomu nyingi hufika chumba cha CT zikiwa na maneno mawili: "kikohozi sugu". Kwa maneno hayo mgonjwa atapigwa CT ya kawaida, pengine na kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) mshipani, picha zitatengenezwa kwa vipande vya milimita 5, na ripoti itarudi na "vivuli pande zote mbili" vile vile. Andika wazi: CT ya kifua ya vipande vyembamba, bila kontrasti, kuchunguza ugonjwa wa tishu za mapafu. Kontrasti huongeza weupe wa pafu na inaweza kuzaa ukungu (weupe hafifu kwenye picha) ambao haupo. Iache kwa anayeshukiwa damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu, saratani, au tezi za kifua zinazohitaji kuchunguzwa ndani.

Kisha andika yale ambayo skrini haiwezi kumwonyesha msomaji. Dalili zimeanza lini, siku, wiki au miaka? Kazi ya mgonjwa ni nini, na aliwahi kufanya kazi gani kabla ya hiyo? "Mkulima" haitoshi kwa mtu aliyechimba tanzanaiti Mererani miaka kumi kabla hajarudi shambani. Vumbi la mawe lilishaingia. Anavuta sigara? Anafuga njiwa au kuku, anashika nyasi zilizoota kuvu? Hali ya VVU na CD4 (idadi ya seli za kinga). TB ya zamani. Viungo vinavyouma, vidole vinavyobadilika rangi kwa baridi, ngozi inayokakamaa. Dawa: amiodarone, methotrexate, nitrofurantoin na bleomycin zote zinaweza kuumiza mapafu. Kwa mwanamke, kama ni mjamzito, na kama pafu limewahi kupasuka na kuvujisha hewa kifuani. Mistari sita ya namna hii ina thamani kuliko mashine ya kisasa.

Chumbani: pumzi kwanza

Picha nyingi za mapafu huharibika kwa sababu ya pumzi, si kwa sababu ya mashine. Pafu lisilojaa hewa huonekana jeupe, na weupe huo unafanana kabisa na ukungu wa ugonjwa. Mazoezi yafanyike kabla mgonjwa hajaingia kwenye mashine, si wakati meza inatembea: "Vuta pumzi. Toa. Vuta tena, jaza kifua mpaka mwisho. Bana hapo hapo, usipumue!" Mrudie mara mbili au tatu mpaka aweze kushikilia bila kutetemeka. Mashine nyingi huja na sauti ya maelekezo kwa lugha ya kigeni, nazo nyingi huruhusu kurekodi sauti yako. Rekodi ya Kiswahili. Na kama bibi aliyelala mezani anasikia Kimaasai au Kisukuma tu, ndugu aliyemleta amfundishe nje kabla ya kuingia. Nusu dakika hiyo huokoa kipimo kizima.

Kujua kama pumzi ilivutwa vizuri, tazama koromeo la hewa kwenye kipande kilicho juu kidogo ya mahali linapogawanyika. Pumzi ikiwa imejaa, koromeo ni la mviringo. Ukuta wake wa nyuma ukiwa umebonyea kuelekea mbele, mgonjwa alikuwa anatoa pumzi. Hapo ukungu wowote unaouona usiuamini.

Seti kamili ina awamu tatu.

Ya kwanza, mgonjwa amelala chali, pumzi imejaa, kutoka juu kabisa ya mapafu hadi chini kabisa bila kuruka. Volteji ya kawaida ni kilovolti 120, mAs (mkondo wa umeme wa bomba ukizidishwa kwa sekunde) isizidi 240. Kwa mtu mwembamba kilovolti 100 zinatosha. Mzunguko wa bomba uwe wa haraka kadiri mashine inavyoweza, ili moyo na pumzi visiache alama.

Ya pili, amelala kifudifudi, pumzi imejaa. Mtu akilala chali, sehemu ya nyuma ya mapafu hubanwa na uzito wake na kuwa nyeupe kidogo. Makovu ya mapema ya ugonjwa wa tishu huanza hapo hapo. Akigeuka, weupe wa uzito hupotea, wa ugonjwa hubaki. Awamu hii inaweza kupigwa sehemu ya chini tu ya mapafu kwa dozi ndogo.

Ya tatu, chali tena, pumzi imetolewa yote: "Toa, toa, toa mpaka iishe, usivute." Inaonyesha hewa iliyonaswa, yaani maeneo yanayobaki meusi wakati pafu lingine limekuwa jeupe. Ukiiruka kwa mgonjwa anayefuga ndege, umetupa nusu ya jibu. Vipande vichache vilivyonasa hewa huonekana hata kwa watu wazima wa afya, kwa hiyo usivipigie kelele.

Kuhusu mionzi: CT ya kawaida ya kifua hutoa takriban milisivati (kizio cha dozi ya mionzi) 5 hadi 7, eksirei ya kifua kama 0.1. Kwa awamu ya kwanza, milisivati 1 hadi 3 zinatosha. Kushuka chini ya milisivati 1 kwa uchunguzi huu wa mwanzo hakushauriwi, maana punje za picha hufunika vitu vyembamba unavyovitafuta.

Kutengeneza picha

Vipande viwe vya milimita 1.5 au pungufu, vinavyofuatana bila pengo, kwa kichujio kikali cha pafu. Tengeneza pia mfululizo wa kichujio laini kwa ajili ya tezi na moyo. Kama ripoti imerudi ya vipande vya milimita 5, usikimbilie kumpiga mgonjwa upya: data ghafi hukaa kwenye mashine kwa siku kadhaa kabla ya kufutwa kupisha nyingine, na vipande vyembamba vinaweza kutengenezwa kutoka humo. Piga simu siku hiyo hiyo.

Mgonjwa apewe CD yenye DICOM (faili kamili za picha), si filamu peke yake. Filamu yenye picha ishirini za ukubwa wa stempu haiwezi kutofautisha sisti (nafasi ya hewa yenye ukuta) na emfisema (pafu lililoharibika likabaki matundu yasiyo na ukuta), na kuipiga picha kwa simu kupitia dirishani kunazidisha shida.

Kusoma: anzia kwenye lobuli

Fungua dirisha la pafu: upana 1500, kitovu -600, kwa vizio vya Hounsfield, yaani namba za weupe na weusi wa CT. Dirisha likiwa jembamba kuliko hapo, pafu la kawaida huonekana lina ukungu na kuta za mirija huonekana nene. Ni kosa la kijinga, lakini hutokea kila mahali ambapo kompyuta moja inatumiwa na watu wengi na mipangilio haikurudishwa.

Pafu limegawanyika katika vyumba vidogo vya sentimita 1 hadi 2.5 viitwavyo lobuli. Katikati ya kila lobuli hupita mrija mwembamba wa hewa na ateri yake; kwenye kuta hupita vena na mirija ya limfu. Ugonjwa unaoingia kwa pumzi hukaa katikati. Unaosafiri kwa limfu hukaa kwenye kuta, kwenye utando wa pafu na kwenye mipasuko inayotenganisha vipande vya pafu. Unaokuja na damu hutawanyika bila mpango.

Kwa hiyo ukiona vinundu vidogo, uliza swali moja: je, vinagusa mipasuko na utando? Kama havigusi, vimekaa katikati ya lobuli. Vikiwa na mrija uliojaa wenye matawi na vichipukizi nchani, ni maambukizi yanayosafiri njia ya hewa, na TB inaongoza. Vikiwa laini, vya ukungu, bila vichipukizi, fikiria mzio wa mapafu kwa mfuga ndege au mtu anayeshika nyasi zilizoota kuvu, au moshi wa sigara. Vikigusa mipasuko na vimetapakaa sawasawa kila mahali, ni TB ya mtawanyiko, fangasi, au saratani iliyokuja na damu. Vikigusa lakini vimekusanyika kwa mafungu kando ya mipasuko na mishipa, ni njia ya limfu: sarkoidosi (ugonjwa wa vinundu vya uvimbe usiojulikana chanzo), silikosi (ugonjwa wa vumbi la mawe), au saratani iliyoenea kwenye limfu.

Hapa wagonjwa wengi huumizwa. Silikosi na TB ya mtawanyiko zote huandikwa "vinundu vidogo pande zote", kumbe vinundu vya silikosi hupenda sehemu za juu na nyuma, vina mipaka mikali, na tezi za kifua zinaweza kuwa na chokaa pembeni kama ganda la yai. Baadaye huungana kuwa mabonge yanayozidi sentimita 1, ambayo huvuta pafu kuelekea katikati na kuacha emfisema nyuma yake. Bonge likitoboka shimo katikati, rudi kupima TB, kwa sababu silika huongeza hatari ya TB na magonjwa hayo mawili hukaa pamoja kifuani mwa mtu mmoja. Sarkoidosi kwa upande wake huja na tezi kubwa zinazolingana kulia na kushoto. Tezi za TB mara nyingi ni za upande mmoja, na zikipigwa na kontrasti kati yake hubaki nyeusi huku ukingo ukiwaka.

Sisti: mahali pa magonjwa adimu hasa

Sisti ni nafasi ya mviringo iliyojaa hewa yenye ukuta mwembamba unaoonekana. Kabla ya kuiita hivyo, ondoa vitu viwili. Emfisema haina ukuta, na mara nyingi ina nukta nyeupe katikati, ambayo ni ateri ya lobuli. Mrija uliopanuka, ukiufuata juu na chini kipande kwa kipande, unageuka bomba, sisti inafunga.

Mwanamke wa umri wa kuzaa, asiyevuta sigara, mwenye sisti za mviringo, kuta nyembamba, ukubwa unaolingana, zilizotapakaa mapafu yote kuanzia juu mpaka kwenye pembe za chini: hiyo ni LAM, limfanjioleiomayomatosi, ugonjwa adimu wa seli zinazofanana na za misuli laini, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wengi wao huwa wameitwa wagonjwa wa pumu kwa miaka. Zaidi ya nusu hupata hewa kuvuja kifuani angalau mara moja, na hurudia. Usimalizie kifuani, shusha macho kwenye vipande vya mwisho, ambako sehemu ya juu ya figo huonekana, ukitafuta uvimbe wenye mafuta, kisha omba altrasaundi ya tumbo. Takriban theluthi ya wenye LAM isiyo ya kurithi wana uvimbe huo, unaoitwa anjiomayolipoma. CT yenye sura hiyo pamoja na kimojawapo cha hivi, yaani anjiomayolipoma, maji meupe ya limfu kifuani au tumboni, ugonjwa wa tubarasi sklerosisi (wa kurithi, unaoleta uvimbe kwenye viungo vingi), au VEGF-D (protini ya ukuaji wa mirija ya limfu) ya damu kuanzia pikogramu 800 kwa mililita, inatosha kuthibitisha LAM bila kukata kipande cha pafu. Jina lina faida: jaribio la MILES, lililochapishwa 2011, lilionyesha kwamba dawa ya sirolimus hutuliza kushuka kwa uwezo wa mapafu. Na uzazi wa mpango wenye estrojeni huepukwa.

Mvutaji sigara mwenye sisti za maumbo ya ajabu, nyingine zimeungana, zikichanganyika na vinundu, juu na katikati, huku pembe za chini kabisa za mapafu zikiwa safi, ana histiositosisi ya Langerhans, ugonjwa wa seli za kinga. Zile pembe ndizo zinazoitenganisha na LAM, kwa hiyo hakikisha picha zimezifikia. Tiba ya kwanza ni kuacha sigara.

Sisti chache zilizorefuka, chini na karibu na moyo, kwa mtu ambaye ndugu zake pia wamewahi kuvujisha hewa kifuani, zinaelekeza kwenye ugonjwa wa kurithi wa Birt-Hogg-Dubé. Muulize vipele vya usoni na upime figo, kwa sababu hubeba hatari ya saratani ya figo. Kwa mwenye VVU au ugonjwa wa Sjögren (kinga inayoshambulia tezi za mate na machozi), sisti chache zinazokaa kando ya mishipa, pamoja na ukungu, zinaweza kuwa nimonia ya limfositi. Lakini mwenye VVU aliyeugua kwa wiki mbili tatu tu, mwenye ukungu mpana na sisti juu, ana nimonia ya fangasi wa Pneumocystis mpaka ithibitishwe vinginevyo, na huyo hasubiri kikao cha jopo la madaktari.

Makovu na ukungu

Makovu ya TB ya zamani hukaa juu, upande mmoja zaidi ya mwingine, yenye chokaa, na pafu limenywea. Makovu yaliyo chini na pembeni kabisa, pande zote mbili, yenye masega, ni jambo jingine. Masega ni vishimo vya milimita 3 hadi 10, vyenye kuta nene, vilivyopangana chini ya utando. Pamoja na mirija iliyovutwa ikapanuka, sura hiyo kwa mtu mzima asiye na sababu nyingine inatosha kuita ugonjwa wa makovu ya mapafu usiojulikana chanzo, IPF, bila upasuaji. Mwongozo wa kimataifa wa 2018 unaliruhusu hilo baada ya majadiliano ya jopo. Usiite masega kila tundu la pembeni: emfisema ya chini ya utando ina safu moja ya matundu makubwa zaidi, kuta nyembamba, na hupenda juu.

Makovu na ukungu wa chini yakiacha ukanda mwembamba safi chini ya utando, fikiria magonjwa ya kinga kama skleroderma (ngozi inayokakamaa), na utazame umio: likiwa limetanuka limejaa hewa, dalili imeongezeka uzito. Mahali ambapo kwenye kipande kimoja kuna ukungu, pafu la kawaida, na maeneo meusi ya hewa iliyonaswa, mzio wa mapafu unapanda juu ya orodha.

Ukungu wenye mistari ya wavu ndani yake, uliokatwa na mipaka mikali kati ya pafu bovu na zima, kwa mtu asiye na homa anayeishiwa pumzi taratibu kwa miezi, unaelekeza kwenye proteinosisi ya vifuko vya hewa, yaani vifuko kujaa protini na mafuta. Mapafu yakioshwa, maji hutoka meupe kama maziwa, na damu hupimwa kingamwili dhidi ya GM-CSF (protini inayochochea seli za kusafisha mapafu). Sura hiyo hiyo iliyotokea ndani ya siku chache ni maji ya moyo, damu, Pneumocystis au virusi, yakiwemo ya UVIKO-19. Muda wa ugonjwa ndio unaoamua, ndiyo maana fomu isiyo na muda ni hasara.

Pafu lililojaa pembeni na chini kwa muda mrefu, lipime namba ya Hounsfield. Kati ya -30 na -150 kuna mafuta ndani, na swali linahamia nyumbani: nani anamiminia mtoto samli mdomoni au mafuta puani, au ni mzee gani anayekunywa mafuta ya madini kulainisha choo?

Mitego inayojirudia

Mapigo ya moyo huchora mstari maradufu kando ya moyo, kushoto chini, unaofanana na mirija iliyopanuka. Ukiuona hapo tu, usiuite. Kwa vinundu vichache, unganisha vipande kuwa unene wa milimita 8 hadi 10 kwa kuonyesha vilivyo vyeupe zaidi, vitajitokeza na mpango wao utaonekana. Kwa sisti na hewa iliyonaswa, fanya kinyume, onyesha vilivyo vyeusi zaidi. Tengeneza pia picha za wima, kama mtu anavyotazamwa kwa mbele, kwani juu na chini hujulikana vizuri zaidi hapo.

Ripoti ieleze vitu kwa mpangilio: ubora wa pumzi, sura kuu, mahali ilipo, mengine yaliyomo (tezi, umio, figo, utando), kisha magonjwa mawili au matatu kwa mpangilio wa uwezekano na kipimo kimoja kinachoweza kuyatenganisha. Orodha ya magonjwa kumi ni sawa na kutojibu.

Kesi isiyoeleweka ipelekwe kwa jopo la daktari bingwa wa mapafu, daktari wa radiolojia na patholojia, hata kwa mtandao. Tuma mfululizo mzima wa vipande vyembamba, jina limeondolewa, si picha tatu ulizozipenda. Ambatanisha eksirei na CT za zamani. Na unapofuatilia mgonjwa, weka picha mpya kando ya ile ya zamani kuliko zote, kwenye kipande kile kile, kwa mfano pale koromeo linapogawanyika na tena juu kidogo ya kiwambo. Ukilinganisha na ya mwisho tu, makovu yanayosogea milimita chache kwa mwaka yataandikwa "hakuna badiliko" kila mara, mpaka siku mgonjwa atakapohitaji oksijeni nyumbani.